UZI: Nondo badala ya pini ya swingi, na usiku wetu kwenye Mkondo wa Pemba

PiniNaBushi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum jamaa zangu wa mitambo.

Wiki hii nimepita njia ya Fumba nikaona eskaveta, mashine ya kuchimbia, imepandishwa juu ya lobedi (trela la chini la kubebea mitambo), na kwenye tundu la pini ya swingi, yaani pini inayoizuia nusu ya juu isizunguke, pamechomekwa kipande cha nondo kilichopindwa kichwa kama mkongojo. Nikamsimamisha dereva, nikamuonesha. Akanijibu kwa upole kabisa: "Fundi, hiyo ndiyo pini yake, nimeikuta hivyo." Maneno hayo hayo niliyasikia bandarini Julai ya mwaka juzi, na yalibakia kidogo kututolea roho ya mtu baharini. Kwa hivyo leo nakaa kitako niyaeleze yote.

Kwa wasioijua mashine: eskaveta ina nusu mbili. Chini kuna cheni au matairi. Juu kuna kabini, injini, bumu (boriti kubwa ya mbele inayobeba mkono na kijiko) na lile dude zito la nyuma linalosawazisha uzito. Baina yao kuna beringi kubwa yenye meno, na mota ya haidroliki, inayoendeshwa kwa mafuta yenye presha, yenye pinyoni (gurudumu dogo la meno) inayotembea kwenye meno hayo. Ndiyo unaiona nusu ya juu inazunguka mzima mzima. Ukiegesha, kinachoizuia isizunguke ovyo ni breki iliyomo kwenye mota: pleti zimepangana, springi zinazibana, na mafuta yenye presha ndiyo yanayozifungua ukiigusa lever. Injini ikizimwa presha inaondoka, springi zinabana zenyewe. Mpango mzuri sana. Lakini mashine nyingi za matairi, zile zinazotembea barabarani, zimeongezewa pini ya chuma inayotoka nusu ya juu ikazama kwenye tundu la nusu ya chini. Breki ni ya kusimama kazini. Pini ni ya safari.

Sasa safari yetu. Tulikuwa tunaivusha eskaveta ya matairi, tani 15 hivi, kutoka Unguja kwenda Mkoani, Pemba, kwa kazi ya barabara. Kusi limekaza. Pini ya asili ilishapotea kabla mimi sijaijua mashine ile, na mahala pake pametiwa nondo ya milimita 16 ndani ya tundu la milimita 40. Niliiona. Niliuliza, nikajibiwa "tumeikuta hivyo", nikanyamaza kwa sababu maji yalikuwa yanakupwa na chombo kinangoja. Kosa hilo ni langu na simtupii mtu.

Mashine ilifungwa minyororo minne kwenye ekseli, madhubuti kweli kweli. Bumu likaachwa juu juu, kijiko hakikugusa sitaha, kwa kuwa chini yake walitaka nafasi ya mifuko ya saruji. Yaani nusu ya chini imefungwa minyororo minne, na nusu ya juu imefungwa nondo moja.

Tulipoipita Nungwi tukaingia mkondoni, chombo kikaanza kwenda mrama. Hapo ndipo nilipoisikia: tok. Kimya. Tok. Kila chombo kikilalia upande, nusu ya juu inahama kidogo inagonga. Kikijirudi, nayo inarudi inagonga. Baina ya meno ya pinyoni na meno ya beringi pana nafasi ndogo kwenye kila mashine, na breki hata iwe mpya haiwezi kuiondoa, kwa sababu breki inaishika mota, haiyashiki meno. Pini ndiyo ingeyanyamazisha yale. Nondo ya 16 kwenye tundu la 40 hainyamazishi kitu, inageuka kuwa msumari unaopigwa nyundo usiku kucha.

Karibu na alfajiri mlio ule ukakoma. Nikadhani bahari imetulia. Kumbe nondo imekatika. Wimbi lililofuata likalichukua bumu, breki ikateleza, kijiko kikapita juu ya mifuko ya saruji na kwenda kulipinda reli la chombo. Pale kijiko kilipopita alikuwa ameketi baharia mmoja akinywa chai. Aliinuka kwenda kutawadha. Kikombe chake cha bati tulikikuta baina ya kijiko na reli, bapa kama kisahani.

Mkoani nikavitoa vipande vya nondo, nikavisafisha kwa dizeli na kuviangalia juani. Pale palipokatika, theluthi mbili ya uso ilikuwa nyeusi, kutu ya zamani. Theluthi moja tu ndiyo iliyong'aa, chembe chembe kama sukari. Yaani nondo ile ilikuwa imeshapasuka theluthi mbili kabla hatujapakia, na kwa nje haionekani kitu.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Nondo ya milimita 16 ina eneo la milimita za mraba 201. Pini ya milimita 40 ina 1,257. Zaidi ya mara 6, na bado hatujataja ugumu wa chuma chenyewe. Nondo imetengenezwa ikae ndani ya zege ivutwe, haikutengenezwa ikatwe kwa ubavu.

Nataka tuzungumze. Nani anaijua pini ya mashine yake iko wapi sasa hivi?

OperetaTumbatu

Pole sana fundi, Mungu aliwasitiri. Lakini naona kama unaikuza. Mimi naendesha ya cheni, tani 20, haina pini kabisa, ina swichi ndani ya kabini. Miaka 14 napanda lobedi nashuka, haijanigeuka hata siku moja. Breki ikiwa nzima inatosha.

PiniNaBushi

Yakhe, umesema jambo la kweli na nashukuru umelisema. Mashine nyingi za cheni za daraja hilo hazina pini. Komatsu PC200 kwa mfano ina swichi ya kufunga swingi kabini. Lakini swichi ile inafanya nini? Inakata amri ya kuzunguka na kuiacha breki imebana. Ni breki ile ile, pleti zile zile, springi zile zile. Haikuongezewa chuma kingine.

Na lobedi si sawa na chombo. Lobedi inatikisika, chombo kinalala. Kikilala nyuzi 10, kila tani moja iliyo juu inavutwa kando kwa nguvu ya kilo 170 na kitu. Kisha kinalalia upande wa pili. Mara elfu kwa usiku mmoja. Bumu lako na mkono wake vimetoka nje ya katikati ya mzunguko, kwa hivyo mvuto ule unageuka kuwa msokoto kwenye breki.

Kwa mashine yako isiyo na pini, kufuli yako ni kijiko. Kikunje, kilaze juu ya magogo, ulishushe bumu mpaka uzito ulale chini, kisha mnyororo upite kwenye bumu au mkono wenyewe. Usitosheke na minyororo ya cheni za chini. Tulivyofunga sisi usiku ule hata breki ingekuwa mpya nisingelala.

Nilipoifungua ile breki baadaye, pleti zilikuwa zimeliwa na mafuta yake yamekuwa meusi, yananuka kuungua. Opereta wa mwanzo alikuwa na mazoea ya kuiachia lever kisha kuzima injini kabla bumu halijasimama. Breki ya kuegeshea ikatumika kusimamishia. Haikuwekwa kwa kazi hiyo.

OperetaTumbatu

Hilo la kuzima kabla halijasimama nimelifanya mara nyingi, khasa jioni. Sikujua. Na kijiko tunakilaza ndiyo, lakini mnyororo kwenye bumu hatufungi. Nimekuelewa.

MwanaMkoani

Mimi niko huku Pemba. Nyie wa Unguja mna tambarare, sisi huku ni kilima na bonde, kilima na bonde, na udongo ukirowa masika unateleza kama sabuni. Mashine yangu nikisimama kwenye mteremko nikazima, bumu linateremka lenyewe polepole kuelekea bondeni. Si haraka, ukienda kula ukarudi unaona limehama. Bosi anasema ni kawaida ya mashine kongwe. Ni kawaida?

PiniNaBushi

Si kawaida, na usisimamishe mtu upande wa bondeni mpaka ijulikane sababu.

Jipimie mwenyewe, huhitaji kifaa chochote ila chaki. Tafuta mteremko ulio imara, usio wa tope. Geuza bumu likae kukatisha mteremko, kijiko kisiguse chini, zima injini. Chora mstari mmoja wa chaki unaopita nusu ya juu na nusu ya chini pale kwenye beringi. Ngoja dakika 5. Mistari isiachane hata unywele. Ikiachana, breki haibani: ama pleti zimekwisha, ama springi imechoka, ama kuna mafuta yenye presha yanayobaki ndani na kuifungua nusu nusu wakati inatakiwa ibane.

Na kitu kimoja ambacho vijana hawakijui. Mota ya haidroliki peke yake haiwezi kushika mzigo uliosimama. Ndani yake mafuta yanapenya kidogo kidogo kutoka upande wenye presha kwenda upande usio na presha, hata mota ikiwa mpya, ndivyo ilivyoundwa ili ijilainishe. Kwa hivyo ukisema "mafuta yamefungwa, haitozunguka", itazunguka, itachukua muda tu.

DerevaBekho

Naomba niwaseme wa bekho wenzangu, yaani trekta lenye kijiko mbele na bumu la kuchimbia nyuma, maana eskaveta mnaziona mara moja moja, sisi tuko barabarani kila siku baina ya daladala na bodaboda. Bekho ina pini mbili za safari: ya kulifunga bumu la nyuma lisishuke, na ya kulifunga lisizunguke kushoto na kulia. Ya kwanza wengi tunaitia kwa sababu lisipofungwa unaliona kwenye kioo linashuka. Ya pili hatuitii. Inaning'inia kwenye kishikio chake mpaka inaota kutu.

Mwaka jana niko njia ya kaskazini, hosi ya silinda ya kuzungushia ikapasuka. Bumu la nyuma likafunguka kama mlango wenye upepo, likaifyeka mibono yote ya ukingoni. Ilikuwa saa 6 mchana, wanafunzi wa skuli wametoka. Walikuwa upande wa pili wa barabara. Upande wa pili tu. Tangu siku ile kabla sijagusa ufunguo natembea nyuma naishika pini kwa mkono.

PiniNaBushi

Wallahi nimeisoma hii mara mbili. Silinda zile zinashika kwa mafuta, na mafuta yamo ndani ya mpira, na mpira huku kwetu unapigwa jua na chumvi mwaka mzima. Hosi inapasuka bila ya kukupa habari. Mimi pini naihesabu kuwa ya muhimu zaidi kwenye bekho kuliko kwenye eskaveta, kwa sababu ya watu.

GredaMakunduchi

Greda nalo linaingia kwenye mada hii? Jembe la greda linazunguka kwenye duara lake lenye meno. Langu likigonga jiwe linageuka lenyewe, na huku kusini kwetu ni maweni, kila hatua jiwe. Nimeambiwa niikaze ile klachi ya kwenye gia ya duara isiteleze. Nimeikaza mara mbili, bado.

PiniNaBushi

Linaingia khasa, na tafadhali usiikaze tena kabla hujanisikiliza.

Duara la greda linazungushwa na gia ya womu, ile iliyo kama skrubu nene inayosukuma gurudumu la meno. Uzuri wa womu ni kwamba skrubu inalizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuirudisha skrubu nyuma, kwa sababu msokoto wake umelala sana na msuguano unashinda. Kufuli imo ndani ya umbo la gia. Huioni, huichomeki, ipo tu.

Lakini womu ikilika, au mafuta yake yakiisha, au mtikisiko ukawa haukatiki kama huko kwenu maweni, inaanza kuachia kidogo kidogo. Ndiyo maana watengenezaji wengine wametia klachi ya kuteleza. Ile imewekwa iteleze! Jembe likikutana na jabali lililozikwa, klachi inateleza, pigo linaishia pale. Ukiikaza mpaka isiteleze, jabali halijaondoka, pigo linahamia kwenye meno ya duara. Klachi unabadilisha pleti kwa siku moja. Duara lililong'oka meno unaagiza, meli inakuja lini Mungu ndiye ajuaye.

Angalia kwanza mafuta ya sanduku la womu. Chovya kidole, kisha kitazame juani. Ukiona vumbi la rangi ya dhahabu, ni gurudumu la shaba nyeusi linasagika, na hapo kukaza klachi ni kujidanganya. Kisha angalia vibao vya kuchakaa vinavyolishika duara. Vikiisha duara linachezacheza, na opereta anadhani jembe linageuka kumbe duara zima ndilo linalohama.

Kitu kingine. Ile pini ya kwenye boriti yenye matundu, inayofunga duara lisiende kando, unapotaka kulisimamisha jembe ukate ukingo. Hakikisha imeingia yote kwa macho yako. Taa ya kabini peke yake isikutoshe, maana mchanga ukijaa tunduni pini inaingia nusu. Nusu ya pini ni hatari kuliko kukosa pini, kwa sababu ukiikosa unajua.

GredaMakunduchi

Mafuta nimetazama leo asubuhi. Dhahabu tupu. Nimelisimamisha greda.

KijanaWaKarume

Shikamooni wakubwa. Mimi mwanafunzi hapo Mbweni. Nimesoma kuhusu vichwa vinavyozunguka mwisho wa mkono wa eskaveta, vilivyoanzia Uswidi miaka ya 1980, kijiko kinazunguka nyuzi 360 bila kikomo na kulala kushoto na kulia. Kitu kisicho na mwisho wa mzunguko mnakifungaje kwa pini?

PiniNaBushi

Marahaba mwanangu, swali zuri. Hakifungwi kwa pini. Kinashikwa na womu niliyoieleza hapo juu, na ule ulalo wa kushoto na kulia unashikwa na silinda zenye vali za kuzuia, zinazokataa kuyaachia mafuta mpaka wewe uamrishe. Ukiwa na vali iliyobandikwa kwenye silinda yenyewe, hosi ikipasuka silinda haianguki. Ndiyo kitu kinachokosekana kwenye bekho nyingi za kizamani.

Ila kichwa kama hicho kinashikwa kwenye mkono kwa kikamatio cha haraka, na hicho kina kufuli yake, na kufuli hiyo imeua watu. Uingereza waliwahi kupoteza wafanyakazi kadhaa kwa sababu opereta alikamata kijiko, hakushuka kutia pini ya usalama, kijiko kikaanguka juu ya mtu aliyemo mtaroni. Mpaka vikatungiwa kiwango cha kimataifa, ISO 13031, mwaka 2016. Kisome, kitakufaa kazini.

TingoMstaafu

Mmesahau upande wa pili. Sisi tulifika salama, pini ya kweli, ya asili, imeingia vizuri. Opereta akapanda, akawasha, akashika lever bila ya kuitoa. Mtambo ukanguruma, kitu kikalia kama bunduki. Pini haikukatika. Kilichokatika ni kishikio chake, kimechanika pamoja na kipande cha bamba la fremu. Ilichukua wiki kuchomelea. Pini ikiwa ndani, pafungwe kitambaa chekundu kwenye lever. Sisi tulikuwa tunafunga kanga chakavu.

PiniNaBushi

Baba, ahsante. Haidroliki haina huruma na pini. Pini imewekwa ishindane na mawimbi na matuta, haikuwekwa ishindane na mota. Kitambaa kwenye lever, kuanzia leo.

BintiKonde

Assalaam alaykum. Mimi nasimamia kazi ya msingi wa maji ya mvua, kaskazini Pemba. Kuna eskaveta ya matairi itarudishwa Unguja mwezi ujao na mimi ndiye nitakayetia saini kabla haijapandishwa chomboni. Si fundi. Nitazame nini? Naogopa kuandika "sawa" kwenye kitu nisichokijua.

PiniNaBushi

Wa alaykum salaam dada yangu, na Mungu akubariki kwa woga huo.

Omba uoneshwe pini imo ndani ya tundu, kisha uiguse. Ikicheza kwa kidole, ukatae. Uliza kichwa chake kinazuiwa na nini isiruke. Pawe na kota pini (kipini chembamba kinachopindwa ncha) au kibati, pasiwe na kamba. Kijiko kiwe kimelala juu ya magogo, si hewani, hata wakikwambia saruji haina pa kukaa. Hesabu minyororo ya juu na ya chini mbalimbali. Kisha muombe opereta azime, na umuone anaifunga lever ya usalama ya kabini. Hayo yanatosha kukulinda, na hakuna hata moja linalotaka ufundi.

Lakini nenda leo, usingoje siku ya kupakia. Siku ya kupakia kila mtu ana haraka, na haraka ndiyo iliyoninyamazisha mimi.

BintiKonde

Nimekwenda. Tundu lilikuwa limejaa udongo mkavu na mizizi. Tumelichokonoa kwa bisibisi nusu saa. Pini haipo, wamenionesha kipande cha bomba la maji. Nimeazima kalipa kwa fundi wa hapa nikapima tundu la juu: milimita 44 kwa urefu wa mashine, 41 kwa upana. Nimchongeshee ya 44?

PiniNaBushi

Usichongeshe bado. Tundu la 44 kwa 41 limekuwa yai, maana yake bomba lile limekuwa likipigapiga kwa muda mrefu. Ukitia pini ya 44 haiingii, ukitia ya 41 inacheza mbele na nyuma, na tumerudi palepale pa tok, tok.

Pima tundu la chini. Hilo ndilo linalosema ukweli, kwa sababu ni nene na halikuchakaa sana. Kwa kipimo hicho mkerezaji achonge pini kwa chuma cha shafti, EN19 au 4140, asichukue kipande cha mtaani kwa kuwa kinang'aa. Iachwe ndogo kuliko tundu kwa nusu milimita hivi, isizidi moja. Ncha yake ichongwe mshazari kidogo ili itafute tundu yenyewe. La juu likerezwe liwe duara upya, litiwe bushi (bomba fupi la chuma la kukaa ndani ya tundu).

BintiKonde

La chini ni 40 na nusu, pande zote.

MwanaMkoani

Dada, mkerezaji yupo Chake Chake, nitakupeleka. Na wewe fundi, mimi nimepima mashine yangu kwa chaki kama ulivyosema. Mistari imeachana vidole viwili kwa dakika 5. Mashine imelazwa tambarare, bosi amekuja kuiona mwenyewe.

PiniNaBushi

Vidole viwili! Isiguswe mpaka nifike. Navuka Jumamosi inshallah, naja na pleti na sili za breki, na kipande cha EN19 cha kutosha pini mbili. BintiKonde, mwambie mkerezaji achonge 40 kamili, na urefu aniachie mimi. Nitaupima pale pale, pini ikiwa imezama mpaka chini.